Mkono wa Kushoto wa Nastiti

Alasiri, akishasugua masufuria ya wali na kufunga kibanda, Retnowati aliketi ukingoni mwa kitanda, akaegemeza simu kwenye mto, akasubiri kukumbatiwa. Saa hizo maji ya bahari yalikuwa yameshaingia mtaani na kufika kwenye vifundo vya miguu, kama yanavyoingia siku nyingi huku kaskazini mwa mji wa Pekalongan. Kabati lilisimama juu ya matofali. Ndala za mumewe, Wasis, zilielea mlangoni.

Aliandika jambo dogo tu. Leo nimeona mtoto ana viatu kama vya Ambar. Leo mteja kaniuliza nina watoto wangapi, nikajifanya sikusikia. Wenzake kwenye kundi walisoma, wakabofya alama ya kukumbatia, na mikono ikatoka kwenye simu.

Ilitoka mpaka mabegani, ikamzunguka, ikakaa naye kidogo, ikarudi. Ilikuwa hivyo kwa kila mtu wa kundi lile. Wageni walielekezwa wavue miwani kwanza na wasiweke simu karibu na chai ya moto. Kuna mikono iliyokuja ina unga wa ngano, kuna iliyokuja na povu la sabuni. Wanaume wengi hawakukumbatia, walipigapiga mgongo tu kama wanaomcheulisha mtoto.

Kundi liliitwa Mahali pa Kurudi, na lilikuwa la watu waliofiwa na watoto. Lilianzishwa na Nastiti, mwanamke wa Semarang ambaye mwanawe wa kiume alichukuliwa na homa ya dengi. Juu kabisa aliandika masharti, na kila aliyejiunga aliyakubali: soma mara mbili, vuta pumzi, usijibu ukiwa na hasira, kumbatia kwanza, ushauri baadaye, yanayosemwa hapa yabaki hapa.

Nastiti alijua kuwatuliza watu. Retnowati alipokuwa mgeni, mwanamume mmoja alimwandikia kwamba kulialia kwake kunamsumbua marehemu kaburini. Retnowati aliweka kijiko chini, akashika simu ajibu. Kabla hajajibu, Nastiti aliingia. Hakumkaripia yule bwana. Alimuuliza tu mtoto wake aliitwa nani na alipenda kula nini. Baada ya muda yule bwana aliandika jina, akaandika kwamba alipenda maembe mabichi kwa chumvi, kisha akaomba radhi, na mikono yake miwili mizito ikaja mpaka Pekalongan kumpigapiga Retnowati mgongoni. Tangu siku hiyo Retnowati alimwamini Nastiti kuliko ndugu zake wa tumbo moja.

Mikono ya Nastiti aliitambua hata akifumba macho. Ilikuwa minene, yenye joto, inanukia mafuta ya kuchulia. Wa kulia ulitangulia na kumshika barabara. Wa kushoto ulichelewa kidogo.

Ambar, binti yake, alipata homa ya ubongo akiwa na miaka minne, na miaka minne mingine aliimaliza kitandani. Alilishwa kwa mpira uliopitishwa puani. Retnowati alimgeuza, akamfuta, akamkamua kohozi, akamgeuza tena, akaenda kukatakata fenesi bichi la megono, kitoweo alichouza na wali kibandani, akarudi kumgeuza. Wasis alifanya kazi kwenye karakana ya batiki, akipiga nta kwa mihuri ya shaba kutwa nzima, na akirudi alimbeba mtoto kumtembeza uani. Ambar alikata roho Alhamisi asubuhi. Alizikwa kabla ya adhuhuri. Tangu hapo Wasis hakulitaja jina lake, na chakula alikila ameelekea ukutani.

Kulikuwa na jambo moja ambalo Retnowati hakumwambia mtu. Nastiti alilihisi.

“Dada,” alisema siku moja kwenye ujumbe wa sauti, kwa sauti yake ile ya chini, “kuna kitu hujakisema. Ninapokukumbatia nakigusa, kiko hapo kati ya mabega. Kigumu kama kokwa. Si lazima ukiseme leo. Lakini ukikiacha humo kitakuoza.”

Retnowati alikaa na maneno hayo wiki nzima. Kisha alasiri moja, maji yakiwa juu na Wasis hajarudi, aliandika.

Aliandika kwamba Ambar alipotulia, yeye alikuwa amemshika mkono, na kitu cha kwanza kilichomjia hakikuwa huzuni. Kilikuwa nafuu, kama mtu aliyetua ndoo ya maji kichwani. Aliandika kwamba baada ya mazishi, wageni wakiwa bado wanasoma Yasini sebuleni, yeye alijilaza jikoni akalala fofofo, usingizi mtamu ambao hakuwa ameupata kwa miaka minne, na alipoamka akajichukia, na mpaka leo anajichukia.

Alituma. Mikono ikaja kwa wingi usio wa kawaida. Wa kwanza ulikuwa wa kulia wa Nastiti. Ulimshika nyuma ya shingo, ukamvuta, na Retnowati akalia kama ambavyo hakulia msibani. Alipofumbua macho aliona, kwenye kioo cha kabati, mgongo wake mwenyewe na mikono iliyouzunguka. Mkono wa kushoto wa Nastiti haukuwa umemgusa. Ulikuwa hewani nyuma yake, umeshika simu nyingine. Kidole gumba kilikuwa kinapiga picha yale maneno, kinasogeza juu, kinapiga tena, polepole, kama mtu anayechambua mchele.

Retnowati aliwaza kwamba Nastiti ni mtu mwenye shughuli nyingi. Akafumba macho tena.

Habari ililetwa na Mama Tutik, jirani aliyekaanga tempe, vipande vya soya, mkabala na kibanda. Alikuja asubuhi kabla wateja hawajajaa, simu mkononi, mafuta yakimchuruzika kwenye viganja.

“Mama Ambar, hebu sikiliza hii. Usikasirike lakini.”

“Nikasirike nini?”

“Wewe sikiliza.”

Ulikuwa ukurasa mwingine kabisa, ulio wazi kwa kila mtu, wenye wafuasi wengi kuliko watu wa Pekalongan. Uliitwa Siri za Mama. Sauti iliyosoma ilikuwa ya Nastiti, na chini yake kinanda kililia taratibu. Ilisema: mama mmoja wa Pekalongan, muuza megono, mwanawe alilala kitandani miaka minne, siku alipokufa, mama huyu alihisi nafuu, aliwaacha wageni na Yasini, akaenda kulala, ndugu zangu, tusimhukumu, tumwombee. Halafu yakafuata maneno yenyewe ya Retnowati, neno kwa neno, jina tu limefunikwa kwa ua la waridi.

“Kuna wauza megono wengi mjini,” alisema Retnowati.

“Wengi, ndiyo,” alisema Mama Tutik. “Wenye mtoto aliyelala kitandani miaka minne je?” Akajifuta mikono kwenye khanga yake. “Mimi nilikuwepo siku ile. Nilikuletea uji jikoni nikakukuta unakoroma. Nikasema maskini, kazimia kwa uchungu. Kumbe!”

“Mama Tutik.”

“Sisemi kitu, mwenzangu. Nasema kumbe, basi.”

Kufikia adhuhuri watu wasiomjua walikuwa wameshalipata jina lake. Hawa hawakutuma mikono mizima. Walituma vidole. Vilitoka kwenye simu kimoja kimoja, vikasimama juu ya meza, juu ya birika, juu ya kawa la wali, vyote vimemnyooshea yeye. Wateja walivisukuma pembeni kwa kijiko ili wale. Mwendesha bekaki mmoja, ile baiskeli ya abiria ya magurudumu matatu, aliyekuwa na njaa, alikichomoa kidole kimoja kwenye sahani yake ya megono, akakiweka kando ya chombo cha pilipili, akaendelea kula. Wengine walilipa wakaondoka bila kumalizia. Mwalimu wa madrasa, ambaye alinunua kwake kila siku, alivuka barabara akaenda kula kwingine.

Retnowati alihudumia mpaka wali ukaisha. Hakujibu hata mmoja. Alisoma mara mbili, akavuta pumzi, kama alivyofunzwa.

Wasis alirudi mapema. Viatu vyake alivishika mkononi kwa sababu ya maji. Alisimama mlangoni bila kuingia.

“Wamenisomea kazini,” alisema. “Yule Gunadi kasoma kwa sauti mbele ya watu wote. Wakauliza, si mkeo huyu? Nikasema hapana. Nikasema mke wangu hana siri na mimi.”

“Baba Ambar, niliandika mahali pa siri. Kundi limefungwa. Ni watu waliofiwa tu.”

“Mimi sikufiwa?”

Retnowati aliigeuza simu kifudifudi.

“Kundi lina watu wangapi?” akauliza Wasis.

“Elfu tisa. Na kidogo.”

“Watu elfu tisa.” Aliweka viatu juu ya ngazi, akavipanga sawasawa. “Watu elfu tisa waliijua nyumba yangu kabla yangu. Mimi nalala hapo, ukutani. Ukininyooshea mkono unanifikia. Hukuninyooshea.”

“Niliogopa utanichukia.”

“Ungeniambia,” alisema, “na mimi ningekuambia.”

“Ungeniambia nini?”

Wasis alimtazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mazishi kumtazama usoni. Kisha akapita kwenda jikoni.

“Basi,” alisema huko ndani. “Imeshapita.”

Retnowati alimfuata hadi mlangoni mwa jikoni. Aliuliza tena, na akauliza mara ya tatu. Wasis alijipakulia wali baridi, akaelekea ukutani, akala.

Hapo ndipo alipomwandikia Nastiti faraghani. Aliandika na kufuta, akaandika na kufuta, mpaka ikabaki sentensi moja: Kwa nini umenitoa nje?

Jibu lilikuja kwa sauti, na halikuwa na haraka.

“Dada yangu Retno, nimekusoma, nimevuta pumzi, ndipo nakujibu. Nakusikia umeumia. Na kuumia ni haki yako kabisa, mtu asikunyang'anye. Ila nikuulize kwa upole, kama dada: hiyo hasira ni yangu kweli? Au ni hasira uliyo nayo juu yako mwenyewe, kwa kulala kwenye msiba wa mtoto?”

Retnowati alishika simu kwa mikono miwili. Akabonyeza, akasema:

“Uliandika yanayosemwa hapa yabaki hapa. Uliandika wewe.”

“Jina sikulitaja.”

“Umetaja megono, umetaja miaka minne. Ulibakiza nini, namba ya nyumba?”

“Unaona sasa? Hiyo ndiyo hasira ninayoisema.” Sauti ilikuwa laini kama pamba. “Watu laki tatu wamekuombea dua, dada. Laki tatu. Wangapi katika dunia hii wanaombewa hivyo? Akina mama wananiandikia wananiambia, Mama Nastiti, kumbe si mimi peke yangu. Umewaponya, na wewe hutaki. Jipe muda. Nakukumbatia.”

Mkono wa kulia ukatoka, wenye joto, ukamshika nyuma ya shingo. Retnowati aliuondoa. Haukutumia nguvu. Ulirudi ndani taratibu, kama mtu asiye na kinyongo.

Kesho yake alasiri aliandika kwenye kundi, mbele ya wote. Aliandika kwamba Nastiti alitoa siri yake nje bila idhini, kwamba na siri zao huenda zimeshatoka, na kwamba anaomba kila mmoja akatazame ukurasa ule mwenyewe.

Majibu yalifuatana upesi. Soma mara mbili, dada. Vuta pumzi kwanza, mpenzi. Masharti yanasema usiandike ukiwa na hasira. Mama Nastiti alinishika siku niliyosimama juu ya daraja, mimi simsikilizi mtu akimsema vibaya. Unaumwa, mama, tunakuona, tunakukumbatia. Tunakukumbatia. Tunakukumbatia.

Mikono ikatoka. Simu ilikuwa nyembamba kwa mikono mingi hivyo, kwa hiyo ilitoka kwa kubanana, ikijipenyeza mmoja chini ya mwingine. Ilimshika mabega na kiuno. Ilimshika viwiko. Mkono mmoja ulimpapasa nywele, mwingine ulimfuta machozi, na mwingine, alioufahamu kwa harufu, ulikaa juu ya mdomo wake bila kuukandamiza. Yote ilikuwa mikono ya upendo. Hakuna uliomfinya. Lakini vidole vyake kumi vilishikwa kila kimoja na mtu wake, na hakuweza kuandika tena. Alikaa hivyo mpaka adhana ya magharibi.

Wasis aliingia kutafuta sarungi ya kuswalia. Ilimbidi ainue mikono michache ili afungue kabati.

“Samahani,” aliiambia mikono. Alichukua sarungi, akatoka.

Mkono mmoja tu haukumkumbatia. Ulikuwa wa Domingus, seremala mzee wa kisiwa cha Saparua, aliyefiwa na mabinti wawili baharini. Mkono wake ulikosa kidole cha shahada, kililiwa na msumeno zamani. Ulikuwa unavibandua vidole vya mwanamke mmoja wa Medan, kimoja baada ya kingine, ukijaribu kumfungua Retnowati. Na kwenye kundi Domingus aliandika: “Jamani mwacheni aseme. Hamwoni mnamkaba?”

Maneno yake yalidumu hewani muda wa kumeza mate, kisha yakafutwa. Kisha jina lake likafutwa. Retnowati aliuona ule mkono ukivutwa kurudi ndani, kama mtu aliyekamatwa bega na walinzi. Uling'ang'ania ukingo wa simu kwa vidole vyake vinne. Ukaachia.

Retnowati alijitoa kwenye kundi siku iliyofuata. Ilikuwa kazi ya kubofya mara mbili. Simu ikawa ya kawaida, chuma na kioo, na alasiri zikawa ndefu. Alijaribu kukaa karibu na Wasis wakati wa chakula. Wasis alimsogezea sahani ya tempe, akamjazia maji, akaelekea ukutani. Hakuwa na ukali. Siku moja Retnowati alimwekea mkono mgongoni, na mgongo ule ulitulia chini ya kiganja chake kama meza.

Baada ya hitima ya mwaka wa pili, ambayo walihudhuria watu wachache, mwili ulianza kumuuma kati ya mabega. Aliomba kurudishwa. Nastiti alimkubali dakika ileile, akaandika mbele ya wote: “Karibu tena nyumbani, dada Retno. Hapa hatuhesabiani makosa.” Watu walishangilia. Mikono ikaja, Retnowati akaipokea. Wa kushoto ulikuja na simu yake kama kawaida. Sasa aliandika mambo ya mvua na bei ya fenesi tu.

Kundi lilikuwa limekua maradufu. Nastiti alialikwa kwenye ukumbi mkubwa huko Semarang kuwafundisha wasimamizi wa makundi mengine jinsi ya kuzuia hasira na kuuvaa uchungu wa wenzao, na picha zilimwonyesha amesimama jukwaani, mkono wa kulia kifuani, watu wakilia.

Mwezi huohuo alijiunga msichana wa Tasikmalaya aitwaye Euis. Alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Aliandika kwamba mtoto wake alifariki akiwa na miezi mitatu, na kwamba bado hajaweza kusema lote. Kuna kitu, aliandika, hata mama yangu hajui.

“Tupo, mwanangu,” akajibu Nastiti. “Ukikiacha humo kitakuoza. Sema.”

Retnowati aliandika: Usiseme. Maneno yakafutwa. Akaandika tena: Euis, usiandike hapa. Yakafutwa kabla hayajatulia. Alijaribu kumwandikia faraghani, na mlango huo ukawa umefungwa.

Kwa hiyo akabofya alama ya kukumbatia, akaingiza mkono wake ndani ya simu.

Uliingia mpaka begani. Wa pili haukupata nafasi, mikono mingine ilikuwa imeshajaa njiani. Ng'ambo kulikuwa na baridi ya milimani na sauti ya jogoo. Alipapasa. Akagusa sweta, akagusa nywele ndefu zilizolowa, akashuka na mkono mwembamba mpaka kwenye vidole, akavikuta juu ya herufi, tayari. Akavishika. Akavikusanya vyote ndani ya kiganja chake, akavivuta mbali na simu, akavibana kwa nguvu zote alizopata kwa miaka ya kukatakata fenesi na kugeuza mtoto. Aliubana mkono ule hadi akahisi mapigo ya moyo wa msichana.

Euis alilia. Sauti yake ilipita kwenye simu kwa mbali, kama mtu anayesema akiwa nyumba ya pili.

“Asante, dada,” alisema. “Sijui wewe ni nani. Asante. Hakuna aliyewahi kunishika hivi.”

Retnowati alitikisa kichwa, hapana, hapana, lakini kilichopita kwenye simu kilikuwa mkono tu. Alizidi kubana. Msichana alizidi kumshukuru. Akamwegemezea kichwa kwenye mkono, akavuta kamasi, akatulia, akavuta pumzi kama masharti yasemavyo. Kisha Retnowati akahisi bega la pili la Euis linaanza kutikisika kidogo kidogo, kwa mpigo, na akaelewa kwamba anaandika kwa mkono mwingine.